Blanketi Lililoganda

Alifika kwenye baraza letu la nyuma hapa Minneapolis, Marekani, Novemba 2018, wiki ile theluji ilipoanza kushika ardhi. Paka wa kijivu, mwembamba, miguu mirefu. Nilipomwona nikawakumbuka wa kwetu Lamu, wanaongoja bandarini wavuvi wapasue samaki. Nikamwita Bahari.

Hakukubali kushikwa. Nikafanya ambalo mtu wa kwetu angelifanya: nikamtafutia boksi, nikatandika blanketi zito la sufu, nikamwekea maji na minofu ya samaki. Asubuhi maji yalikuwa jiwe. Blanketi nalo lilikuwa gumu kama ubao, na paka hayumo. Nililia, maana niliamini nimemuua kwa mikono yangu.

Jirani yangu, bibi aliyezaliwa papa hapa Minnesota, ndiye aliyenifundisha. Kitambaa hunyonya unyevu wa pumzi na wa theluji iliyoganda kwenye manyoya, kisha unyevu huo huganda, na mnyama akawa analalia barafu. Kinachofaa ni mabua makavu ya ngano. Si nyasi za kulishia ng'ombe, maana hizo nazo hunyonya maji. Mabua hayalowi upesi, na paka hujichimbia humo, joto lake likabaki naye. Tukachukua boksi jeupe jepesi, kama yale ya kubebea samaki wenye barafu, tukalitoboa tundu la sentimita 15 hivi, la kumpitisha yeye tu. Tukaliinua juu ya matofali na kuugeuzia mlango wake ukutani ili upepo usiingie. Bahari alirudi usiku wa pili. Nilimwona dirishani akinusa, akaingia.

Desemba tulifaulu kumkamata kwa mtego wa kuazima. Baridi ilikuwa imeshamla ncha ya sikio la kushoto, imekuwa nyeusi. Daktari wa wanyama akatuambia sikio lililoganda lisisuguliwe kamwe, kwani nyama hukatika zaidi; hupashwa polepole kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha mnyama apelekwe kutibiwa. La Bahari lilikuwa limeshapita hapo. Ncha ilidondoka yenyewe.

Wenye magari, nawaomba hili kwa dhati: pigeni boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha. Paka hufuata joto la injini iliyozimwa karibuni, hupanda kwa chini na kulala humo, na feni au mkanda humkuta usingizini. Tena mkimwaga dawa ya rejeta ya kuzuia maji yasigande, ifuteni hadi tone la mwisho. Nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ladha yake ni tamu, na kiasi cha kijiko kimoja cha chai huweza kumwua paka kwa kuharibu figo. Aliyelamba hasubiriwi hadi kesho.

Tarehe 30 Januari 2019 hapa mjini kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, posta ikasimamisha kusambaza barua. Siku kama hiyo boksi na mabua havitoshi. Mnyama huingizwa ndani, awe wako au wa mtaani. Mama alipiga simu kutoka Lamu, akatuulizia watoto, kisha akasema: "Na yule kiumbe wa Mungu, umemlaza wapi?"

Nikamgeuzia kamera. Bahari alikuwa amejikunja mbele ya hita, sikio lake fupi limeelekea mlangoni.