Sahani haina mapafu

Mama yangu mdogo alikuwa amemaliza duru ya nne ya tibakemikali aliponiuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo. Nilikuwa nimemsimulia kazi yetu ya maabara, jinsi tunavyochanganya seli za kinga na seli za saratani ya matiti jioni, na asubuhi tukakuta nyingi kati ya seli za saratani zimekufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, kama mnaziua humo kwenye vyombo vyenu, mbona mimi hamniwekei hizo seli?" Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu alikuwa amechoka, na jibu langu halikumtosha. Swali lake lilistahili jibu kamili, nami nimeamua kuliandika hapa kwa faida yake na ya wengine wanaosoma kila wiki kwamba saratani imeuawa maabara, kisha wakashangaa kwa nini wodi bado zimejaa.

Nianze na kile tunachokiona, maana ni kweli kwamba tunaziona zikifa. Damu ya mtu aliyejitolea humiminwa taratibu juu ya kimiminika kizito chenye sukari, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Inapotoka, chembe nyekundu zimezama chini, utegili wa manjano umeelea juu, na katikati umebaki utepe mwembamba mweupe, ambao usipotuliza mkono utauvuruga kwa ncha ya pipeti. Ndani ya utepe huo ndimo zilimo limfosaiti, yaani seli T, seli B na zile zinazoitwa seli NK, ambazo huweza kuua seli yenye kasoro bila kufundishwa kwanza kuitambua. Huchambuliwa, hulishwa protini ya interlukini-2 ili ziongezeke, na huwekwa katika joto la nyuzi 37 kama lile la mwili.

Upande wa pili kuna seli za saratani zenyewe. Zinazotumika zaidi duniani huitwa MCF-7, na zilitokana na maji yaliyojaa kifuani mwa mtawa mmoja wa Michigan, Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 69 mwaka 1970. Zaidi ya nusu karne sasa seli hizo zinagawanyika katika maabara za kila bara, na sijawahi kufungua chupa yake bila kumkumbuka mama huyo. Kwa saratani ya aina aliyo nayo mama mdogo, isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni wala projesteroni, na isiyo na protini ya HER2 kwa wingi, hutumika zaidi seli za MDA-MB-231, ambazo ni kali na hupenda kusafiri.

Chini ya hadubini, seli ya saratani iliyo hai imejilaza na kujinyoosha kwenye sakafu ya sahani ya maabara. Seli ya kinga, ambayo ni ndogo na ya mviringo, huizunguka, huigusa, huondoka, hurudi, kisha hunata. Mahali zinapogusana, seli ya kinga humwaga perforini, protini inayotoboa utando wa jirani yake, na kupitia matundu hayo huingia vimeng'enya viitwavyo granzaimu, vinavyoiamuru seli ijiue yenyewe. Baada ya muda seli ya saratani hujikunja, huwa duara, hutoa mapovu pembeni na kubanduka. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza niliita wenzangu wote waje watazame, na mpaka leo bado linanishangaza.

Tatizo ni kwamba kila kitu katika sahani hiyo tumekipanga sisi kwa faida ya seli za kinga. Mara nyingi tunaweka seli 5 au 10 za kinga kwa kila seli moja ya saratani, ilhali uvimbe wenye ukubwa wa sentimita moja tu ya ujazo hubeba mamia ya mamilioni ya seli, pengine hadi bilioni 1. Katika sahani seli za saratani zimelala tabaka moja, hazina pa kujificha, na seli za kinga huzidondokea kutoka juu. Mwilini, seli hiyohiyo ya kinga lazima isafiri katika damu, ipate mshipa unaoelekea kwenye uvimbe, ipenye ukuta wa mshipa huo, kisha ijipitishe katikati ya nyuzi ngumu ambazo uvimbe umejizungushia. Ikifika ndani inakuta oksijeni haba, tindikali nyingi, na sukari ambayo seli za saratani zimekwisha kuila. Zaidi ya hayo, inakuta seli nyingine za kinga ambazo uvimbe umezigeuza kuwa walinzi wake, hasa makrofaji na zile seli T ambazo kazi yake ya kawaida ni kuwatuliza wenzake wasiushambulie mwili. Seli iliyokuwa hodari kwenye sahani huchoka humo ndani, na kuchoka huku kunapimika: hujaza juu ya utando wake vipokezi vya kuizuia, kama kile cha PD-1, na huacha kuua.

Wengine watasema, basi jaribuni kwa panya, na kweli tunajaribu. Lakini panya anayeweza kupandikizwa uvimbe wa binadamu ni yule aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya kinga yake, kwani mwenye kinga kamili angeukataa. Kwa hiyo panya huyo hana wengi wa wale walinzi ambao uvimbe ungewaita, na tukiona uvimbe wake umesinyaa, inatupasa kukumbuka kwamba seli zetu zimeshinda katika uwanja usio na nusu ya maadui. Ndiyo maana mimi huyapa uzito zaidi majaribio yanayotumia vipande vya uvimbe uliotolewa kwa mgonjwa na kukuzwa pamoja na seli zilizokuwamo, ingawa ni ya taabu na matokeo yake hayapendezi kwenye vichwa vya habari.

Jambo la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza, ni usalama. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kuhusu mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Seli T zake zilitolewa, zikapewa kwa njia ya jeni kipokezi cha kutengenezwa, kile kinachoitwa CAR, ili ziitambue protini ya HER2, ambayo ndiyo hiyohiyo inayojaa kwenye baadhi ya saratani za matiti. Alirudishiwa seli bilioni 10. Ndani ya dakika 15 alianza kushindwa kupumua, na baada ya siku 5 alifariki. Watafiti walihitimisha kwamba huenda seli hizo ziliitambua HER2 iliyomo kwa kiasi kidogo sana kwenye seli za mapafu yake. Sahani haina mapafu. Hakuna kipimo cha sahani yenye seli za saratani peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, ambacho kingelionyesha hilo, na mtu anayeuliza kwa nini tunakwenda polepole ningependa aisome taarifa hiyo kwanza.

Tiba ya CAR ilifanikiwa kwenye saratani za damu, na Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2017 kwa watoto na vijana wenye leukemia, kwa sababu huko kuna shabaha nzuri. Protini ya CD19 iko kwenye seli B, na mtu akipoteza seli B zote, za saratani na zisizo za saratani, bado anaweza kuishi kwa kusaidiwa kingamwili. Kwenye titi hatujapata shabaha ya namna hiyo. Kila protini tunayoilenga ama iko pia mahali pengine tusipopaswa kupagusa, ama haipo kwenye seli zote za uvimbe, hivyo zile zisizo nayo husalia na kuota upya.

Hata hivyo sikutaka mama mdogo abaki na giza tu, maana kuna habari ya kweli ya kumpa. Mwaka 2018 kundi la mtafiti Steven Rosenberg katika taasisi hiyohiyo lilieleza habari za mwanamke mwenye saratani ya matiti iliyosambaa na kushindikana kwa tiba nyingine. Badala ya kuzitengeneza seli upya, walizitafuta limfosaiti zilizokwisha kuingia zenyewe ndani ya uvimbe wake, wakachagua zinazotambua protini 4 zilizobadilika kwa sababu ya kasoro za jeni za saratani yake, wakazikuza kwa mabilioni na kumrudishia pamoja na interlukini-2 na pembrolizumab, dawa inayokiziba kile kipokezi cha PD-1. Uvimbe wote ulitoweka. Mwaka 2022 walitoa matokeo mapana zaidi: kati ya wanawake 42 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, 28 walikuwa na seli za kinga zinazoitambua saratani yao, 6 walitibiwa kwa njia hiyo, na 3 uvimbe wao ulisinyaa, akiwamo yule wa kwanza, ambaye baada ya miaka 5 na nusu hakuwa na dalili ya ugonjwa.

Kwangu mimi, namba ya 28 ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwa muda mrefu saratani ya matiti ilihesabiwa kuwa ugonjwa ambao kinga ya mwili haiuoni, na sasa tunajua kwamba kwa wengi inauona, ila seli zinazouona ni chache na zimechoka.

Juzi nilikaa kando ya kitanda chake nikamsomea yote haya, polepole, nikisimama pale alipotaka kuuliza. Hakuniuliza tena kwa nini hatumwekei seli. Alifumba macho kwa muda, nikadhani amelala, kisha akasema: "Na wale watatu ambao uvimbe haukusinyaa, mmeshajua kwa nini?" Nilimwambia kwamba hilo ndilo tunalolifanyia kazi.