Nilivyoipatanisha siti ya dereva na pedeli za motohomu na miguu yangu mifupi

Wadau habari zenu. Naandika kwa wale wenye kimo kama changu, futi 5 na inchi 1 hivi, mnaoendesha motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, au mnatamani kuendesha lakini mkikaa kwenye ile siti mnaona kabisa aliyeipanga hakuwafikiria nyie. Inarekebishika, na inarekebishika vizuri tu. Mimi sasa hivi naendesha masafa marefu nashuka natembea kawaida, zamani nikishuka lazima nishikilie mlango kwanza mpaka mguu wa kulia uzinduke, maana ganzi ilikuwa inaanzia chini ya paja inateremka mpaka vidoleni.

Tuanze na tatizo linatoka wapi. Motohomu nyingi zinajengwa juu ya vani za kazi, Fiat Ducato, Ford Transit, Mercedes Sprinter na wenzao, na siti ya vani tokea kiwandani iko juu, dereva anakaa wima kama yuko kwenye kiti cha mezani. Sasa wale wanaojenga nyumba huko nyuma wanaongeza sahani ya chuma ya kuzungushia siti, ili mkipaki siti za mbele zigeuke ziwe sehemu ya sebule. Wazo zuri, ila sahani ina unene wake, ya kwetu ilikuwa inapandisha siti kwa karibu sentimita 4, na hizo zinaongezeka juu ya boksi la siti, lile boksi la chuma linaloibeba siti, na juu ya reli ambazo siti inatelezea mbele na nyuma. Sentimita 4 ukizisikia ni ndogo, ila kwa mguu mfupi ndo zinaamua kisigino kitulie sakafuni au kining'inie.

Na kisigino kikining'inia kila kitu kinaharibika. Uzito wote wa mguu unabebwa na ukingo wa mbele wa siti, ule ukingo unabana nyama ya nyuma ya paja, hapo ndo ganzi inaanzia. Pedeli ya mafuta unaikanyaga na ncha za vidole badala ya ule mto wa unyayo chini ya vidole, kwahiyo huwezi kuongeza mafuta kidogo kidogo, gari linarukaruka. Halafu nyonga ya kulia inakuwa inashika mguu hewani safari nzima, jioni inauma mpaka kiuno.

Ushauri unaotolewa na kila mtu ni sogeza siti mbele. Sawa, ukisogea mbele miguu inafika, lakini na kifua kinasogea kwenye usukani ambao ndani yake kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri kuwe na angalau inchi 10, yaani sentimita 25 hivi, kati ya katikati ya usukani na mfupa wa kifua, kwasababu eabegi inafumuka kwa nguvu kubwa sana na ukiwa umeikaribia inakuumiza yenyewe. Mimi nikisogea mpaka mguu ufike breki vizuri nilikuwa nabaki na pungufu ya hapo. Na usukani wetu unatoka na kuingia tu, haupandi wala haushuki, kwahiyo hapo pa kuchezea palikuwa padogo.

Ushauri wa pili ni kaa juu ya mto. Mto unasaidia macho tu, miguu ndo unazidi kuiweka mbali na sakafu. Hapa ndo pakanifumbua akili, nikaelewa kwamba mtu mfupi kwenye gari refu anavutwa pande mbili, macho yanataka kupanda ili yaone barabara, miguu inataka kushuka ili ipate sakafu. Ukiteremsha siti mpaka miguu ifike chini huoni mbele ya boneti. Ukipandisha unaona vizuri ila unaning'inia. Kwahiyo cha kufanya ni kuipandisha sakafu ikufuate, siti ishuke kidogo tu, isizidi.

Nikaanza na kupima kabla ya kugusa spana. Gari limepakiwa sehemu tambarare, hendibreki juu, nimevaa viatu vyangu vya kuendeshea vya soli nyembamba, nikakaa nikasukuma makalio mpaka mwisho wa siti. Mume wangu akawa ananiwekea vipande vya plaiwudi chini ya visigino, kimoja kimoja, na mimi napitisha kiganja kati ya paja na ukingo wa siti. Mwanzo kiganja hakipiti kabisa. Kila kipande kikiongezeka nafasi inafunguka, mpaka ikafika kiganja kinateleza bila kubanwa lakini paja bado limeegemea siti, hapo nikamwambia simama, tukapima unene wa vile vipande vyote pamoja ikawa kama sentimita 7. Hiyo ndo namba yangu, yako utaipata kwa njia hiyo hiyo.

Sentimita 7 zote kuziweka sakafuni sikutaka, kibao cha kutulizia visigino kinakuwa kinene mno na mume wangu mwenye miguu mirefu naye anaendesha hilo hilo gari. Tukaamua sahani ya kuzungushia itoke upande wa dereva, ya abiria ibaki. Ndio sebule imepungua siti moja, mimi nimekubali, maana kwenye siti ya dereva nakaa masaa mengi zaidi kuliko ninavyokaa sebuleni. Na mume wangu naye amefaidika, kichwa chake kilikuwa karibu na dari ya kebini anainama kutafuta taa za barabarani.

Kutoa siti tulimpa fundi. Alinionyesha kitu kimoja nikakiheshimu, chini ya siti kuna waya zenye kichwa cha njano, akaniambia "Dada, hizi za njano ni za eabegi na za kukaza mkanda, hizi hazichezewi." Akatoa betri kwanza, tukasubiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ndo akazichomoa. Akatoa boliti za kuishika siti, akanigeuzia moja nione namba kwenye kichwa, 10.9, hiyo ni daraja la uimara wa boliti. Ukirudisha siti bila sahani boliti zinaweza zikawa ndefu zikagota, basi unatafuta fupi zenye namba ile ile, sio boliti yoyote uliyoikuta kwenye kopo. Na zinakazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kumbukeni kifungio cha mkanda mara nyingi kimeshikwa kwenye siti yenyewe, kwahiyo siku ya ajali hizo boliti ndo zinakushika wewe. Boksi la siti usikubali mtu alikate au alichomelee ili lishuke, kuna maboksi mafupi yanauzwa yaliyoidhinishwa kwa aina ya gari lako, na hata hayo angalia kwanza chini hakuna betri, kwasababu baadhi ya vani betri inakaa humo. Sheria za kubadilisha siti zinatofautiana nchi na nchi, uliza wakaguzi na kampuni ya bima kabla ya kazi, sio baada.

Sahani ilipotoka nikabaki nahitaji sentimita 3 za sakafu. Sasa hapa kwenye kibao cha visigino naomba msome taratibu, kwasababu hapa mtu anaweza akajiua.

Kibao kinakaa pale visigino vinapotua, nyuma ya pedeli, HAKIINGII chini ya pedeli. Breki ya gari la kisasa ina njia mbili za mafuta ya breki, njia moja ikipasuka nyingine bado inashika, lakini pedeli inazama chini zaidi ya kawaida ndo ishike. Ukiwa umeweka kibao kinachogotana na pedeli, siku hiyo njia imepasuka pedeli inafika kwenye ubao kabla ya breki kushika. Kwahiyo sikupima kwa jinsi pedeli inavyoshuka siku zote, nilipima njia yake yote mpaka sakafuni, nikaacha na nafasi ya ziada. Klachi hivyo hivyo, lazima ishuke mpaka mwisho.

Cha kwetu tumekitengeneza na plaiwudi nene, mbele kimechongwa mteremko ili kisigino kisikae kwenye kona, juu kimegandishwa raba ya kuzuia kuteleza. Hakikuwekwa juu ya kapeti, kapeti linatembea na kibao kinatembea nalo. Tulitoa kapeti hapo, tukakifunga kwa breketi mbili kwenye matundu yenye nyuzi za boliti ambayo tayari yapo sakafuni, hatukutoboa jipya maana chini ya sakafu kunapita waya na mabomba. Ukikishika kwa mikono miwili ukakivuta kwa nguvu zako zote hakitikisiki, ndo kinavyotakiwa. Upande wa kushoto tumekirefusha kikapita klachi, ili mguu wa kushoto usipofanya kazi upate pa kukaa. Hiki kipande cha kushoto kimenisaidia kuliko nilivyotegemea, miguu yote ikiwa na pa kukanyaga kiuno kinakaa sawa, hakipindi upande mmoja.

Na kuna faida nyingine kwenye breki. Pedeli zetu zinaning'inia kutoka juu, yaani mhimili wake uko juu, kwahiyo ukikanyaga sehemu ya juu ya pedeli ni ngumu zaidi kuliko ukikanyaga chini, kanuni ya wenzo hiyo. Kisigino kilivyopata pa kutua, unyayo unaangukia katikati ya pedeli kila mara, nguvu ninayotoa ni ile ile kila siku.

Wengine mtaniuliza mbona sikuweka vile vipande vya kurefusha pedeli. Vipo na vinafaa kwa ambao hata siti ikishuka bado miguu haifiki, ila viwe vya kiwandani, vya kufungwa na boliti, na uvikague mara kwa mara. Kipande cha mbao kilichofungwa na tepu au gundi hapana, kikichomoka kikaingia chini ya breki hakuna tena mjadala. Na ukirefusha pedeli bila kuinua sakafu kisigino kinabaki hewani vile vile, ganzi hujaiondoa.

Baada ya hapo ikaja siti yenyewe. Kina cha siti kilikuwa kirefu kuliko mapaja yangu, nikikaa mpaka nyuma ukingo unagusa nyuma ya goti. Panatakiwa paingie vidole viwili vitatu hapo. Nimeweka sponji ngumu nyuma ya kiuno, sentimita chache tu, imefungwa kwenye egemeo isishuke. Sponji laini haina kazi, ukiikalia inabonyea yote unabaki na ubao. Egemeo nimelisimamisha, limelala kidogo sana nyuma, na hapo nikapima tena kifua na usukani, niko juu ya sentimita 25. Kipimo cha mikono ni rahisi, mabega yameegemea, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kilale juu ya usukani bila bega kunyanyuka.

Kipimo cha mwisho cha miguu unakifanya injini inawaka, gari limesimama. Kanyaga breki kwa nguvu zote kama unamkwepa mtoto. Goti likinyooka kabisa uko mbali, lazima libaki limekunjika kidogo, kwasababu mguu ulionyooka unapokea pigo lote ukalipeleka kwenye nyonga.

Siti ilivyoshuka mkanda ukaanza kunikata shingoni, nikateremsha kile kishikio cha kwenye nguzo ya mlango ukarudi katikati ya bega. Vioo vyote nikavipanga upya, hasa vile vidogo vya mviringo vya chini, maana motohomu ina mkia mrefu na macho yakishuka kidogo tu unaona sehemu tofauti kabisa ya ubavu. Viegemeo vya mikono nikavikazia viwe sawa kushoto na kulia, vinakazwa na gurudumu dogo lililo chini yake.

Kwa mume wangu kibao hakimsumbui, anarudisha siti nyuma visigino vyake vinatua nyuma ya kibao kwenye sakafu ya kawaida. Tumechora alama mbili za rangi kwenye reli, nyeupe yangu nyekundu yake, tukibadilishana hatubahatishi, ila vioo kila mtu anapanga vyake kabla ya kuondoka.

Ukishamaliza yote haya endesha taratibu karibu na nyumbani kwanza, halafu rudia kukagua boliti za siti na za kibao kwa ile ile spana ya kupima, kwasababu vitu vikishatikiswa vinakaa sawasawa na boliti inaweza ikalegea. Kwetu moja ya kibao ilikuwa imelegea kidogo, tukaweka washa ya kuzuia kulegea, mpaka leo iko kimya.