Mradi wa Lamu 2070: nilifika ukurasa wa 61 nikakwama

Nilijiahidi kila nikimaliza kurasa ishirini naandika maendeleo, sasa nshapita sitini na sijaandika kitu, kwa hiyo leo naweka yote kwa pamoja mnisamehe.

Kwa asiyejua mradi wenyewe: naandika hadithi ndefu (riwaya sijui, tusikimbilie) inayotokea hapa hapa Lamu mwaka 2070. Mji uko chini ya serikali kali, kila mlango wa nakshi una kamera juu ya kizingiti, kila punda ana chipu sikioni. Na huku naandika huku nasoma vitabu vya watu waliowahi kuandika habari za dunia mbaya ya mbele, alafu kila kitabu nakitafutia kitu kimoja cha mtaani kwetu kinachofanana nacho. Sheria ni moja tu, kitu chenyewe lazima kiwe kimetokea hapa kwetu, sio nilichosoma kwenye gazeti.

Mchana niko saiba yangu, mtaa wa Langoni, kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi. Najazia watu fomu. eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), KRA (mambo ya kodi), paspoti, mikopo ya wanafunzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambae ashaota ndevu. Kusoma ni usiku, ama stima ikipotea nafunga nakwenda maktaba ya ngomeni.

Nilianza na 1984 ya George Orwell kama kila mtu. Ilitoka 1949, na wengi huku mwandishi tunamjua kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Sasa hii ya 1984 nimeisoma ndani ya ngome ya Lamu, na ngome ilikuwa gereza mpaka mwaka huohuo, 1984! Sikupanga. Nimekaa nasoma habari za mtu anaekamatwa kwa alichofikiria, na kuta ninazoegemea zimeweka watu miaka na miaka. Kwenye kitabu kuna skrini ukutani, wewe unaitazama na yenyewe inakutazama, na shujaa kazi yake ofisini ni kubadilisha magazeti ya zamani ili wakubwa wasionekane waliwahi kukosea, ile karatasi ya kwanza inatupwa kwenye tundu inateketea. Kitu cha mtaani wallahi sikutafuta mbali, ni grupu letu la WhatsApp. Mtu anaandika neno saa mbili usiku, asubuhi unakuta ujumbe umefutwa, umefutwa, umefutwa mara tisa, ukimuuliza anakwambia mimi? mimi nililala mapema jana, na watu kumi na mbili waliosoma wanaanza kujitilia shaka wenyewe.

Brave New World ya Huxley, 1932, nimeipitia haraka mana Kiingereza chake kinachosha. Ila nilicheka peke yangu, kile kidonge wanachopewa watu wawe na raha wasifikirie kitu kinaitwa soma. Soma! Dawa ya kuzima akili inaitwa soma. Nikamwonyesha binamu yangu mwalimu, akasema wanafunzi wake hiyo dozi hawajaigusa.

Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, 1953, ndo ilinishika. Wazima moto kazi yao imegeuzwa, wanachoma vitabu, na mke wa shujaa anashinda na viredio vidogo masikioni vinavyoitwa makombe, yani kama makombe ya pwani, na mwaka 1953 hakuna hata aliyeota hizi iyapodi za leo. Mwishoni kuna watu msituni waliohifadhi vitabu kichwani, kila mtu ni kitabu chake. Nikamsimulia bibi yangu, nikidhani atashangaa, akaniuliza "na sisi tumekuwa tukifanya nini?" Alafu akaanza utenzi wa Al-Inkishafi, pale pale, anachambua mchele, hakutazama popote. Ile ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anauonya moyo wake kwa kuutajia majumba ya mji wa Pate yalivyokuwa na yalivyoishia, zile zidaka ukutani zilizopangwa sahani za China sasa ndege wametagia. Imetungwa zaidi ya miaka mia mbili nyuma. Bibi akamaliza, akapepeta, akasema hao wako wa 2070 wamechelewa.

Hapo ndo mradi ulianza kuniharibikia, mana mimi nilikuwa naandika mambo ya mbele, na kila ninaemsomea ananirudisha nyuma.

Mfano ukurasa wa 34. Kuna sura ya kafyu, yani amri ya kutotoka nje usiku, nilikuwa naipenda sana, shujaa anapita vichochoroni usiku, ving'ora, droni zinazunguka juu ya makuti, taa nyekundu, mbio. Nikamsomea mzee mmoja jirani yetu, mvuvi, alikuwa barazani anashona jarife lake, wavu wa kuvulia, lililoraruka. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua mato yake, yani macho, kama anavyosema yeye, alafu akasema "mwanangu, hiyo kafyu umeiona kwenye filamu." Nikakumbuka nilikuwa hapa pia 2014, lakini nilikuwa mtoto nalala. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa sita mwaka ule, Julai serikali ikaweka kafyu Lamu nzima jioni mpaka asubuhi, ikaongezwa, ikaongezwa tena, na kuvua usiku kukapigwa marufuku. Kwa mtu wa jarife usiku wa giza la mwezi ndo wa kazi, samaki haoni wavu. Ukimnyima huo umemnyima mshahara.

Nikamuuliza sasa ilikuwaje, ving'ora? Akasema kimya. Kimya na punda. Watu wote ndani, na punda wako njiani peke yao mana punda hana kitambulisho, unalala unasikia kwato zinashuka kichochoroni taratibu mpaka pwani zinarudi, na wewe unawaza yule ana ruhusa ya kwenda kuliko mimi. Akasema kilichomuuma sana si askari. Kilichomuuma ni kuwa baada ya wiki tatu nne alizoea, jua likikaribia kutua miguu yenyewe inarudi nyumbani bila kuambiwa.

Nimefuta droni zote. Nimeacha punda, na chipu nimemtoa.

Kutoka hapo mpaka ukurasa wa 60 niliandika vizuri, shida ikaja 61, mahali ambapo msomaji lazima amuone yule anaewatazama watu. Yule mwenye kamera. Nimemuandika mara sita. Mara ni kanali, mara ni mgeni wa meli za bandari mpya, mara ni kompyuta isiyo na sura, kila nikimsoma ni katuni. Nikaacha kuandika karibu mwezi.

Ndani ya huo mwezi likanipata jambo na naliandika japo ni aibu. Nilikopa elfu tatu kwenye programu moja ya mikopo ya simu, tona ya printa ilikuwa imeisha na wanafunzi wamejaa. Wakati wa kuiweka iliniuliza niiruhusu ione namba zote kwenye simu yangu, nikabonyeza kubali kama ninavyobonyeza kubali kila siku kwenye maisha yangu. Nikachelewa kulipa siku nne. Siku ya tano meseji ikatumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu wangu wa madrasa, kwa fundi wa jahazi ambae nilimpigia mara moja tu 2019, kwamba mimi ni mdaiwa sugu na wao waniambie nilipe. Mama mkwe alikuja saiba saa saba mchana, jua kali, hakukaa. Akafungua fundo la leso, akatoa elfu tatu na mia tano zilizokunjwa nne nne, akaziweka juu ya kibodi, akasema "niprintie na ile picha ya mjukuu" kana kwamba ndo alichofuata. Hakutaja deni mpaka leo.

Sasa najua kuna kanuni za Benki Kuu za 2022 za wakopeshaji wa simu na kuna sheria ya kulinda data ya 2019, najua, mimi ndo huwaprintia watu. Lakini kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni kingine, kwamba mimi skrini sikuwekewa ukutani kwa nguvu. Nilibonyeza. Na hata wale wa Nairobi 2023 waliopanga foleni ukumbi wa KICC lile dude la duara la Worldcoin, mradi wa sarafu za mtandaoni, liwasome mboni za macho wapewe sarafu za kama shilingi elfu saba, hakuna aliyeshikiwa bunduki, mpaka serikali ikasimamisha tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Orwell kafyu angeielewa. Ile foleni nadhani angehitaji kukaa chini kwanza.

Usiku huo natafuta kalamu chini ya kaunta, mkono ukagusa daftari.

Niwaeleze daftari. Kila mwenye saiba analo, asikudanganye mtu. Kaunta buku ya kurasa mia mbili, kona zimeliwa. Watu wanasahau paswodi, wanakuja kila mara wanapoteza saa nzima, basi ukaanza kuwaandikia, jina, namba ya kitambulisho, pini ya KRA, paswodi ya eCitizen, barua pepe uliyomfungulia wewe mwenyewe na paswodi yake ni jina la mtoto na 123. Nimelipanga kwa alfabeti ili nipate haraka. Nusu ya mtaa wamo. Najua nani ameomba paspoti na mumewe hajui. Najua shamba la kule Hindi, upande wa bara, limeandikwa jina la nani. Na ile sheria ya 2019 inagusa mpaka yaliyoandikwa kwa mkono ikiwa yamepangwa kama faili, na langu mashallah limepangwa.

Nilikaa nalo pale gizani nikacheka alafu nikaacha kucheka. Mwezi mzima natafuta sura ya mtazamaji wangu wa 2070, nampa magwanda, nampa meli, na mwenyewe kavaa kikoi anauza fotokopi shilingi kumi.

Nikaamua kurudisha. Kuchoma sikutaka, nshasoma kitabu kizima juu ya kuchoma. Nikachana kurasa kwa wembe, kila mtu karatasi yake, akija nampa namwambia hii ni siri yako kaa nayo. Wiki ya pili sasa. Ripoti ya ukweli ni kwamba mambo hayaendi. Kijana mmoja aliipiga picha yake akaiweka kwenye status kwa makosa. Mwengine akanambia nimpigie mimi picha nikae nayo kwenye simu yangu asije akapoteza. Mmoja alinuna, akauliza nimemkosea nini.

Na jana akaja bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Mkomani anaepokea pesa za wazee, nikamkabidhi karatasi yake kwa heshima na maelezo marefu. Akaisikiliza hotuba yangu. Akaikunja, akaifungua, akauliza "nami niiweke wapi, mjukuu wangu, kwangu kuna watoto kumi na moja." Nikamwambia mama, mimi sitakiwi kuwa nayo, naweza kukuibia. Akanitazama hasa, akasema "babako alikuwa na funguo ya nyumba yetu miaka saba tukiwa Mombasa." Akairudisha juu ya kaunta akaikandamiza na stepla, akaniuliza pesa zimeingia ama bado.

Zilikuwa zimeingia. Nilijuaje? Nilifungua na paswodi yake, naijua kwa moyo.

Kwa hiyo hesabu mpaka leo: karatasi saba zimerudi kwa wenyewe, nne zimerudi kwangu, zilizobaki ziko kwenye bahasha ya kaki. Kamera za kwenye vizingiti nimeziondoa zote kuanzia sura ya kwanza, itabidi niandike upya kama kurasa ishirini. Ukurasa wa 61 nimeumaliza usiku wa jana. Mtazamaji anafungua duka asubuhi, anafagia mbele, na kila anaepita anamwamkia kwa jina lake.