Raundi ya mwisho ilivyokuwa ikiharibu shindano letu la viazi

Shindano letu la mtandaoni hapa Mbeya ni la biashara ya viazi. Kila jioni timu 5 zinaamua zipeleke magunia mangapi soko la Mwanjelwa. Bei inaanzia shilingi 90,000 kwa gunia na kushuka shilingi 100 kwa kila gunia linaloingia. Gharama ni 30,000 kwa gunia. (Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, marufuku, hata kwenye kompyuta.) Kanuni hii, kila mmoja achague kiasi na jumla ndiyo ipange bei, ni ya Cournot, Mfaransa aliyeiandika mwaka 1838.

Kasheshe ilikuwa raundi ya 10, ya mwisho. Timu zinapatana chinichini kupeleka magunia 60 kila moja: bei inasimama 60,000, kila timu faida 1,800,000. Ikifika ya 10, hakuna kesho ya kulipiziana, mtu anamwaga 180. Akimwaga peke yake anavuna 3,240,000. Wakimwaga wote ni magunia 900, bei sifuri, msimamo wote vurugu.

Kupiga marufuku makubaliano sikutaka; WhatsApp huizuii, na ujanja huo ndio utamu wenyewe. Nikaifuta raundi ya mwisho. Kuanzia ya 8, matokeo yakishatoka narusha dadu mbele ya kamera: likitoka sita, mchezo umekwisha. Anayemwaga leo ana nafasi 5 kati ya 6 ya kukutana na wenzake kesho wakiwa na hasira, na wote wakirudi kwenye magunia 100 kila timu, kiwango ambacho hakuna anayefaidika kwa kukibadili peke yake, faida ya kila moja inabaki 1,000,000 tu.

Wamwagaji bado wapo, ila wanaadhibiwa. Timu moja ya Uyole ikadai dadu langu lina upendeleo. Nikawaambia walirushe wao.