Kope la mama, na hiyo "matokeo mazuri" wanayosema madaktari

Kope ndo lilianza. Jicho la kushoto la mama likawa linajifunga lenyewe, akilifungua kwa kidole anaona vitu viwili viwili, na maumivu nyuma ya jicho hayaachi. Tukaenda kliniki moja ya macho wakampa dawa ya matone, wiki tatu tunadondosha tu matone, kumbe shida haikuwa kwenye jicho kabisa. Daktari wa pili ndo akammulika tochi akaona mboni haisinyai, akasema huyu aende skani leo leo.

Ripoti ikarudi: aneurizimu, milimita 26. Yani mshipa wa damu kichwani umetuna kama puto, na hilo puto ndo lilikuwa linakandamiza neva inayoinua kope. Ikifika milimita 25 inaingia kundi la zile kubwa kupindukia.

Ndugu wote walikuwa na swali moja, akifunguliwa kichwa atapona? Hakuna aliyeuliza asipofunguliwa itakuwaje. Nikamuuliza dokta, akanipa namba za utafiti wa kimataifa uliotoka 2003, wa aneurizimu ambazo hazijapasuka. Za milimita 25 kwenda juu, hatari ya kupasuka ndani ya miaka mitano ilikuwa asilimia 40 kwa mishipa ya mbele, na asilimia 50 kwa ya nyuma pamoja na pale pale alipokuwa nayo mama. Mjomba bado akawa anasema tumwache tu, mama mwenyewe ndo akamaliza: "Mwanangu, wanifanyie wakati bado najijua."

Kuna njia ya kutofungua kichwa, wanapitisha kijiwavu cha chuma kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani, kinapunguza damu inayoingia kwenye puto mpaka lizibe, Marekani waliiruhusu 2011 kwa ajili ya hizi kubwa. Kwenye utafiti wake karibu robo tatu ya aneurizimu zilikuwa zimeziba kabisa baada ya miezi sita, na asilimia 5.6 ya wagonjwa walipata kiharusi kikubwa au wakafariki. Mimi nilikuwa nimeshaitaka hiyo moyoni, ila inahitaji aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa pamoja kwa miezi, na mama ana vidonda vya tumbo vilishawahi kumtoa damu nyingi. Ikabaki kufungua kichwa na kuweka klipu, kibanio kidogo cha chuma kinachobana shingo ya puto, pale linapoanzia kwenye mshipa. Tukachangishana ukoo mzima tukaenda India.

Usiku wa kuamkia oparesheni nikasoma kwamba tarehe 23 Machi 1937 daktari wa upasuaji wa ubongo Walter Dandy, pale hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ndo alikuwa wa kwanza kubana shingo ya aneurizimu kwa klipu, ya fedha, na mgonjwa wake, mwanaume wa miaka 43, alikuwa na kope lililoanguka, sehemu ileile ya mama. Nililia sana pale korido.

Ila kubwa hazibanwi kirahisi. Shingo ni pana, ukuta mgumu, ndani kumejaa damu iliyoganda, klipu ukiiweka inateleza, kwa hiyo wanaubana mshipa kwa muda, wanalipasua puto makusudi, wanatoa ile damu iliyoganda, ndo wanapanga klipu, na dakika zote hizo kuna sehemu ya ubongo inakosa damu ya kutosha. Ya mama ilichukua masaa tisa, klipu nne.

Siku ya tatu ICU akanitazama akataka kuniita, jina likagoma. Mkono wa kulia umelala. Kwa wiki nzima kila kitu kwake kilikuwa "funguo", maji funguo, shuka funguo, na mimi funguo, alafu anajua kabisa amekosea, machozi yanamtoka. Jina langu alilitamka siku ya kumi na moja.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize wenye wagonjwa. Madaktari wanapima matokeo kwa namba 0 mpaka 6, 0 hana shida yoyote, 6 amefariki, na mara nyingi 0 mpaka 2 yote inahesabiwa matokeo mazuri. Baada ya miezi sita mama alikuwa 2. Anajihudumia mwenyewe, anaoga, anasali, anatembea mpaka kwa jirani, ila kuuza vitumbua, kazi iliyotusomesha, haiwezi kama zamani. Huyo kwenye takwimu ni "mzuri" na kweli ni mzuri, ningechagua hivyo tena kesho, lakini tungeambiwa mapema tungejiandaa, sio kukaa tunajiuliza nani kakosea. Muulize daktari wako hiyo mazuri yake maana yake nini, na wangapi wenye ukubwa kama wa mgonjwa wako aliowafanyia mwenyewe wamerudi kazini.

Kope lilifunguka mwezi wa nne. Mboni imebaki kubwa kidogo, mwanga wa jua unamsumbua. Jumamosi nimemkuta jikoni kabla hakujakucha, upawa kaushika mkono wa kushoto, anamimina unga kwenye chuma taratibu, na kijiti cha kugeuzia kampa mjukuu. Vilitoka vitumbua kumi na viwili, viwili viliungua.