Jinsi tulivyokutanisha makanisa ya kata yetu kwenye mirathi ya wajane

Watu wananiuliza sana mmewezaje, Moravian, KKKT (Walutheri), Roman na walokole kukaa meza moja na hamjagombana, basi ngoja nieleze ilivyokuwa hapa kwetu Mbeya.

Juu huko wakubwa walishaelewana zamani, CCT (jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti) na TEC (baraza la maaskofu Katoliki) wana tume yao ya huduma za jamii toka 1992 inayoratibu shule na hospitali za makanisa. Ila huku mtaani we jaribu kuitisha mkesha wa pamoja uone! Mtabishana nani ahubiri, kwaya ya nani ianze, na wachungaji kimoyomoyo wanawaza kuibiwa waumini. Kwa hiyo mimi maombi ya pamoja sikuyagusa kabisa, nilianzia kwa wajane.

Kwetu mwanaume akifa, matanga hayajaanuliwa mashemeji wameshaanza kuulizia hati ya kiwanja. Na msibani makanisa yote tupo, tunachanga, tunapika, tunaimba, tukishazika kila mtu anarudi kwake na mama anabaki na ile vita peke yake.

Aliyetufumbua macho ni dada mmoja mlokole ambaye ni msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Akatuambia mirathi ikiendeshwa kimila mjane kaumia, maana kanuni za mila za 1963 zinasema mjane hana fungu, atatunzwa na wanawe. Lakini ikithibitika marehemu alifunga ndoa ya Kikristo na aliishi hivyo, inaweza kutumika ile sheria ya zamani ya 1865 iliyotoka India, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Na hizo hazianzii mahakama ya mwanzo, mirathi ndogo za Kikristo zinaanzia mahakama ya wilaya (wengi wanakosea hapo wanaingia mlango usio wao).

Sasa ushahidi kwamba mtu aliishi Kikristo unaupata wapi kama sio kanisani? Daftari la ndoa, ubatizo wa watoto, bahasha za ahadi. Nikawazungukia wachungaji mmoja mmoja na paroko pia nikiwaambia baba, sikuombi hela, naomba unifungulie daftari lako tu. Hapo hakuna aliyekataa. Paroko akatupa chumba, na wale wa jumuiya ndogo ndogo za Kiroman ndio wanaotuletea habari maana wanajua nyumba yenye msiba kabla hata ya mwenyekiti wa mtaa. Akina mama wa KKKT wakabeba nauli na hela ya fomu. Tukakubaliana hakuna kumvuta mjane ahamie kanisani kwako wakati tunamhudumia, na hakuna kuweka bango la kanisa lolote mlangoni.

Kuna mama mmoja shemeji yake aliondoka na sanduku lote la makaratasi, cheti cha ndoa kikiwemo, halafu kwenye kikao cha ukoo akasema huyu aliokotwa tu, hakuolewa. Tukaenda Moravian, mzee wa kanisa akatoa daftari limekula vumbi mpaka jalada limeachia, akawa anashusha kidole taratibu mstari kwa mstari, wino umefifia, mara akasimama. Majina yote mawili yapo, na msimamizi wa ndoa aliyesaini ni huyohuyo shemeji! Mchungaji akaandika barua, akagonga muhuri. Shemeji kusikia akaanza ooh tuyamalize kifamilia, mama akamwambia shemeji, tutaonana mahakamani.

Penye ugumu hasa ni mnyang'anyi akiwa mzee wa kanisa mwenyewe, maana mchungaji wake anamwonea haya, ndiye anayesimamia ujenzi, ndiye mtoaji mkubwa. Na kwa kweli hapa ndipo nilipoona faida ya kuwa wengi, kanisa moja peke yake lisingeweza. Akiwa mzee wa Kilutheri, anayeenda kuongea naye ni Katekista wa Kiroman, hana cha kupoteza kwake, anamwambia ukweli mkavu sebuleni.

Sasa hivi tumeanza kufundisha kuandika wosia, tukalenga wanaume. Waliojiandikisha ni wengi tu, ila ukiangalia vizuri orodha, karibu wote wameandikishwa na wake zao.