Jasho la kaskazi: mchezaji wa Mombasa anywe nini, na kiasi gani

Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, ikishika, makocha wengi wa Mombasa hulaumu pumzi. Kijana akilegea dakika ya 60, kesho yake anaongezewa raundi za uwanja. Mara nyingi pumzi haina kosa. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka ngozini, na hewa yetu miezi hii imeshiba unyevu, kwa hiyo jasho linatiririka na kudondoka kabla ya kukauka. Maji yamekwenda, joto limebaki. Machi 24, 2007, mbio za nyika za dunia zilipokimbiwa hapa hapa kwenye uwanja wa gofu, joto na unyevu viliwatoa wengi njiani. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka 5 mfululizo, aliacha mbio kwenye raundi ya mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Nani atasema Bekele hana pumzi?

Kabla ya kuongeza raundi, nunua mizani. Ya kawaida tu, ya kupimia uzito nyumbani, iwekwe kwenye sakafu ngumu, si juu ya nyasi. Mchezaji aende haja ndogo, apime akiwa na bukta pekee. Baada ya mazoezi ajifute jasho, avue kilicholowa, apime tena. Tuseme alikuwa kilo 64.0, sasa ni 62.6, na katikati alikunywa nusu lita. Kilo 1.4 zilizopungua ni karibu lita 1.4; ongeza ile nusu, ametoa jasho lita 1.9 kwa saa moja na nusu. Amepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na hapo ndipo miguu na maamuzi huanza kuchelewa. Siku nyingine apewe mililita 200 kila robo saa. Usiku wa siku hiyo ya kupimwa anywe kama lita 2, yaani mara moja na nusu ya alichopoteza, kidogo kidogo pamoja na chakula chenye chumvi, kwa sababu akiyamimina yote mara moja yataishia chooni.

Na yule aliyeongezeka uzito? Amekunywa kupita kiasi. Maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, akili inayumba. Mwenye dalili hizo usimwongeze maji, mpeleke hospitali.

Dafu ni zuri, lakini lisifiwe kwa haki. Lina potasiamu nyingi na sodiamu (ile ya chumvi) kidogo, ilhali jasho hutoa sodiamu zaidi. Ile chaki nyeupe inayobaki kwenye jezi nyeusi ndiyo hiyo. Tia chumvi kidogo ndani ya dafu. Au changanya mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 12 vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu nusu. Kosa la kila mara ni kupima kwa kijiko cha kulia wali. Sukari ikizidi, kinywaji kinakaa tumboni, mchezaji anakimbia ameshika mbavu.

Ratiba pia ina lake. Timu inayoshuka kutoka bara huhitaji siku 10 hadi 14 za kuzoea joto, ikianza kwa mazoezi mafupi. Wakati wa Ramadhani, mazoezi mepesi yakae dakika 45 za mwisho kabla ya futari, yale mazito baada ya tarawehe, na daku isirukwe. Muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, je? Unaondoa usingizi, unaua hamu ya kula na unapandisha mapigo ya moyo wakati mwili tayari unapambana na joto. Isitoshe, vichangamshi vilivyomo vimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa siku ya mashindano.

Kwa wasichana, hedhi ikikatika miezi 3 msiite ukakamavu. Mara nyingi ni chakula kutotosha mazoezi, na mifupa ndiyo italipa kwa nyufa. Aonwe na daktari, sahani yake iongezwe.

La mwisho ni la kuokoa maisha. Mchezaji anayepepesuka, anayejibu ovyo au asiyekumbuka mabao ni mangapi, mwili ukiwa moto, usisubiri jasho likauke. Wengi huzimia wakiwa bado wamelowa. Mmoja apige simu ya ambulensi, wengine wampoze papo hapo. Mtumbukize hadi shingoni kwenye beseni kubwa la maji na barafu, mtu akimshika kwapani ili kichwa kisizame. Hakuna beseni? Mwagia maji mwili mzima, funika kwa taulo zilizochovywa kwenye maji ya barafu, zibadilishwe kila zinapopata joto. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Barafu iwe uwanjani kabla ya filimbi, kwenye kasha la kutunzia samaki, na mtu mmoja ajulikane ndiye mwenye kuibeba.